Bunduki ya Khatibu Iliyogoma Asubuhi

Khatibu sasa yuko Kasulu, na Kasulu wamtunze, maana sisi tumemtunza vya kutosha. Mkikutana naye sokoni mtamjua: ni yule mrefu mwenye shingo kama mpini wa jembe, anayetembea akitazama juu ya vichwa vya watu kana kwamba nyuma yao anakuja mtu wa maana zaidi. Ukimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye", haitiki. Ukimsalimia kwa Kiswahili anakusahihisha. Mimi sikumzaa, wala hakunioa, lakini nimemwangalia kwa karibu kuliko mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa akimpenda na alipumzika kumtazama. Mimi sikupumzika.

Alizaliwa Lindi. Hilo tulilijua siku ya kwanza, ya pili na kila siku iliyofuata. Kwao Lindi mihogo haina uchungu. Kwao Lindi wazee wa kike hawavuti ugoro. Kwao Lindi mtu akija kukuomba chumvi anapiga hodi kwanza, kisha anakohoa, kisha anasubiri. Nilimuuliza siku moja kama kwao Lindi kuna watu waliobaki, au wote walitumwa huku kutusema. Alinusa tu, kama ng'ombe aliyeonyeshwa majani makavu.

Alipoajiriwa kuwa askari wa wanyamapori alipelekwa kwanza Ilagala, kule chini ambako mto Malagarasi unaingia ziwani. Huko ni joto. Nimefika huko mara moja nikiwa msichana. Nilitandika kitenge changu kilicholowa juu ya jiwe, nikageuka kupiga chafya, nilipogeuka tena kilikuwa kimekauka, kimepauka na kimechanika. Khatibu alikaa huko miaka mingi, akaoa mwanamke wa Ujiji anayeitwa Tunu, mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, ambaye sijawahi kuelewa alimpendea nini. Kisha mwaka 2012 wakamhamishia kwetu juu, upande wa Kasanda. Wilaya ilikuwa imegawanywa juzijuzi, tukaambiwa hatumo tena Kibondo, tumo Kakonko. Hakuna aliyelishughulikia. Hadi leo ng'ombe akipotea tunasema ameenda Kibondo.

Walikuwa askari wawili, Khatibu na Godson. Godson alikuwa kijana wa Kasulu mjini, mpenda redio, mwenye tumbo lililokuwa limeanza kazi kabla yake. Walikaa pamoja na Tunu kwenye nyumba ndogo ya bati pembeni ya kijiji, upande wa pori. Kazi yao ilikuwa kuzuia sisi tusiingie porini na kuzuia wanyama wasije kwetu. Ile ya kwanza waliifanya vizuri sana.

Mimi na Khatibu tulichukiana kwa sababu ya sufuria. Alikuja jikoni kwangu mchana, bila hodi, huyo mtu wa Lindi, akafunua kifuniko.

"Bibi Esteri, nyama hii ni ya nini?"

"Ya kula."

"Nauliza ya mnyama gani."

"Mbuzi."

"Mbuzi gani ana ngozi yenye madoa?" Akanyosha kidole kwenye ngozi niliyokuwa nimeiwamba nyuma ya jiko, kwa uzembe wangu.

"Mbuzi wa kizungu, mwanangu. Waliletwa na mradi."

Alibeba sufuria nzima, na mchuzi, na mwiko ukiwa ndani. Ushahidi, alisema. Nilimfuata hadi barabarani nikimtukana kwa Kiha, ambacho hakielewi, kisha kwa Kirundi, ambacho hakielewi, kisha kwa Kiswahili ili asikose kitu. Sufuria ilirudi baadaye ikiwa imeoshwa na kung'aa. Niambieni nyinyi mliosoma: ni ushahidi gani unaoshwa kwa sabuni?

Sasa, kuhusu bunduki. Kila askari alikuwa na yake, zote za aina moja, zile za nusu otomatiki. Ukivuta kifyatuo inatoka risasi moja, na nyingine inapanda yenyewe kutoka kwenye magazini, kisanduku cha bati kinachochomekwa tumboni mwa bunduki. Ndani ya magazini kuna springi, juu ya springi kuna kibati, juu ya kibati zimepangwa risasi kama migebuka, wale samaki wa ziwani, kwenye kapu. Springi inasukuma, risasi inapanda, bunduki inaimeza. Mimi sikujua hata moja kati ya hayo. Nimeyajua kwa sababu ilifika siku nikalazimika kuyajua, na kijiji kizima kikayajua pamoja nami.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2013, Julai, wakati ambapo baridi ya huku juu inamfanya jogoo awike nusu halafu arudi kujifunika. Nyani waliingia mashambani alfajiri. Khatibu akaja na bunduki yake, akaikoki, akalenga juu kuwatisha. Paa! Nyani wakaruka. Akavuta tena. Kachu. Kama mtu anayevunja njiti. Akakoki, akavuta: kachu. Nyani mkubwa akasimama, akageuka, akakaa chini kumtazama. Wengine wanasema alimpigia makofi. Makofi mimi sikuyaona. Niliona akimwonyesha makalio, na alikuwa hana haraka.

Siku hiyo hiyo mchana Khatibu aliijaribu nyuma ya nyumba yao. Ikapiga vizuri, moja baada ya nyingine, mpaka magazini ikaisha. Kesho yake alfajiri, nyani tena: paa, kachu. Ya kwanza inatoka, ya pili haiji. Akaanza kutafuta ugonjwa. Alizifuta risasi zote kwa kitambaa. Alipunguza idadi kwenye magazini akidhani amezibana. Aliigonga magazini kwenye kisigino cha buti mpaka tukadhani anafukuza nge. Na kila jioni alikaa barazani akaifungua bunduki yake, akaifuta na kuipaka mafuta, akaipaka tena, mpaka ikang'aa kama kichwa cha bwana harusi. Asubuhi inagoma. Mchana inapiga.

Jioni moja nilikuwa kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu wanazungumzia habari hiyo. Mimi nikiwa na kibuyu mkononi siwezi kuacha habari ikapita uchi, lazima niivishe.

"Mnadhani bunduki inagoma bure?" nikasema. "Nimeifunga."

Wakashusha vibuyu.

"Alichukua sufuria yangu. Nikachukua unyayo wake, nikaufunga hapa." Nikawaonyesha fundo kwenye pembe ya kitenge changu. Ndani ya fundo kulikuwa na ugoro. "Asubuhi nalikaza, mchana nalilegeza, maana mchana nina kazi nyingine."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe ya mwenzake. Wakaniletea kibuyu kingine, na mimi nikawaongezea: kwamba ningetaka ningefunga hata pikipiki ya mwenyekiti, kwamba mwaka fulani nilifunga mvua ikapita juu ya shamba langu tu. Mtu mmoja tu hakucheka. Nsabimana. Huyo ni wa wale ambao baba zao walivuka kutoka Burundi zamani, sasa ni Watanzania kama sisi, analima na kufanya biashara ya maharage pamoja na mdogo wake Reverien. Nsabimana alilitazama fundo langu, akainua kitambaa chake, akafuta mdomo, akaondoka.

Khatibu alipopata habari alikuja kwangu. Safari hii alipiga hodi.

"Bibi, nasikia umefunga silaha ya serikali."

"Nasikia na mimi umekuja kunusa sufuria."

"Mimi siamini mambo hayo," akasema. Jicho lake likashuka lenyewe mpaka kwenye pembe ya kitenge changu, likabaki hapo. "Kwetu Lindi mambo hayo tuliacha zamani. Lakini nakuambia, ifungue."

"Kama huamini, nifungue nini?"

"Ifungue tu!"

"Rudisha kwanza mwiko wangu."

Maana mwiko haukurudi. Akageuka akaenda, shingo imesimama, na mimi nikacheka peke yangu jikoni mpaka kuni zikazimika. Ningejua nisingecheka.

Wiki ile nyati alitoka porini akaingia bondeni, kwenye maharage ya Reverien. Dume la peke yake. Wengine walisema alikuwa na ukubwa wa trekta. Nadhani alikuwa mkubwa kuliko hivyo. Ilikuwa asubuhi mapema, ukungu umelala bondeni, umande kama barafu. Godson alikuwa Kibondo siku hiyo. Wakamwita Khatibu. Nampa haki yake: alikuja mbio, hakuogopa, akasimama mbele ya Reverien na kulenga. Paa! Ikampata nyati begani. Nyati akageuka. Kachu. Khatibu akakoki, risasi ikakaa kiupande, haikuingia wala haikutoka. Nyati akampita Khatibu kama mtu anayepita kisiki, akamchukua Reverien kwa pembe, akamrusha juu ya tuta. Kisha akarudi porini na damu yake.

Reverien alivunjika paja, akapelekwa hospitali Kibondo nyuma ya lori, anapiga kelele njia nzima. Na kabla lori halijavuka daraja, kijiji kizima kilikuwa kimekumbuka fundo langu.

Kwanza waliacha kunisalimia. Kisha mama mmoja niliyemzalisha watoto wake wote akahamisha kuku wake wasipite uani kwangu. Nikatoka nikawaambia: jamani, nilidanganya. Mnanijua. Ni mimi yule yule niliyesema samaki wa Malagarasi alinibeba mgongoni. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikagundua jambo baya sana: uongo wangu waliuamini, na ukweli wangu walikuwa wanauona kama ndio uongo.

Nsabimana alikuja na vijana, wakasimama uani.

"Bibi, mdogo wangu yuko hospitali na chuma mguuni. Kesho asubuhi kuna mkutano. Utafungua ulichofunga mbele ya watu. Ikishindikana, utaondoka hapa. Usipoondoka, tunawaita wale wa kamchape."

Kamchape ni wale wanaozunguka vijijini wakidai wananusa wachawi. Wakishakunusa, nyumba yako haibaki na paa.

"Nsabimana," nikamwambia, "baba yako alipovuka na godoro kichwani, mbegu ya kwanza ya maharage alipewa na nani?"

"Ulimpa wewe."

"Basi?"

"Basi sasa nashangaa uliweka nini ndani yake."

Hivyo ndivyo alivyonijibu. Nyumba yangu ile matofali yake nilifyatua mwenyewe. Nyuma yake kuna kaburi la mume wangu, na nyuma ya kaburi kuna migomba ambayo alipanda yeye. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini usiku ule sikuongea hata na paka.

Asubuhi tulikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Watu wamejifunga mablanketi, wanatoa moshi kinywani kama magari mabovu. Mama muuza chai alikuwa ameweka jiko lake pembeni na birika juu yake. Mwenyekiti, Felician, mtu mwembamba anayependa kanuni kuliko chakula, alisimama nyuma ya meza.

"Bibi Esteri. Unatuhumiwa kufunga silaha. Unakubali?"

"Sikubali. Nilisema, lakini nilidanganya."

"Mwongo!" akapiga kelele mtu nyuma.

"Ndiyo!" nikasema. "Ndicho ninachowaambia!"

"Anadanganya kwamba alidanganya," akasema Nsabimana, na watu wakaguna kukubali.

Felician akaamuru nifungue fundo. Nikalifungua. Ugoro ukamwagika mezani, mwenyekiti akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka. Khatibu akasogea mbele na bunduki yake. Hakunitazama. Aligeukia kichuguu kikubwa kilicho ng'ambo ya uwanja, watu wakasogezwa nyuma, akakoki.

Paa! Vumbi likaruka kwenye kichuguu. Watu wakashangilia; hata mimi nikashangilia.

Akavuta tena.

Kachu.

Nsabimana akavua blanketi lake, akalikunja, akampa mkewe, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Amekaza mara mbili," akasema. "Mmeona wenyewe."

"Bibi," Khatibu akasema, na sauti yake ilikuwa na hofu na chuki pamoja, "mtu amevunjika kwa ajili yako. Fungua!"

"Nimefungua! Unataka nivue nguo?"

"Afadhali uende tu."

"Niende wapi, wewe mwenye shingo? Nyumba yangu iko hapa! Wewe ndiye unayehamishwa!" Nikaipiga meza kwa kiganja. "Mpe Godson! Mpe mwenzako aishike! Kama nimefunga unyayo wako, unyayo wa Godson sikuugusa!"

"Silaha ni yangu. Haishikwi na mtu mwingine."

Godson alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Hawakupendana hao wawili. Khatibu alikuwa akimzimia redio kila jioni, na Godson alikuwa akihesabu siku za kumlipa. Akaweka kikombe chini.

"Lete, mzee," akasema.

"Sileti."

"Lete, au niandike kwa mkuu kwamba ulikataa silaha ikaguliwe baada ya raia kuumia."

Khatibu akampa kwa namna ambayo mtu humpa mwenzake nyoka.

Godson akachomoa magazini, akaiweka mezani. Akaingiza risasi moja kwa mkono ndani ya chemba, koo la bunduki. Paa. Nyingine kwa mkono. Paa. Nyingine. Paa.

"Bunduki nzima," akasema. "Mtutu mzima, kifyatuo kizima."

Kisha akachomoa magazini ya bunduki yake mwenyewe, akaichomeka kwenye ya Khatibu. Paa, paa, paa, paa. Haikukwama hata moja. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akachukua magazini ya Khatibu, ile ya mezani, akaichomeka kwenye bunduki yake yeye.

Paa.

Kachu.

"Amefunga na ya Godson!" akapiga kelele Nsabimana.

"Jinga wewe!" nikamwambia. "Kisanduku kikihama, ugonjwa unahama nacho! Basi nimefunga kisanduku. Haya, kifungueni mnionyeshe fundo langu!"

Godson alikuwa tayari ameitoa. Akatoa risasi zote, akabonyeza kile kibati cha juu kwa kidole gumba. Kilishuka. Akaondoa kidole. Tulikuwa tumesogea wote, vichwa vimegongana juu ya meza, na tukaona kwa macho yetu: kile kibati kilibaki chini kidogo, kikafikiri, kikaanza kupanda polepole kama mzee anayetoka kitandani.

"Springi inatakiwa irushe," Godson akasema. "Bunduki inarudi mbele haraka, risasi bado iko chini, inafunga hewa."

Akafungua kitako cha magazini. Springi inatakiwa iruke yenyewe, alisema, mpaka uishike isikutoboe jicho. Hii haikuruka. Ilibidi aivute. Ikatoka taratibu, imevaa kitu kizito cha rangi ya chungwa, kimeganda kati ya mizunguko yake, kina nywele za blanketi na sisimizi waliokufa ndani yake.

Mimi nikanyosha kidole, nikachota, nikanusa, nikalamba.

"Mawese," nikasema.

"Nini?" Felician akauliza.

"Mawese! Mafuta ya kupikia! Mazuri kabisa, ya kule chini. Yanataka chumvi tu."

Nyuma ya watu ikatoka sauti ambayo ilimfanya Khatibu afumbe macho. Tunu.

"Mawese yangu!" Alipita katikati ya watu kama mtumbwi. "Mawese yangu ninayotumiwa na mama kutoka Ujiji! Dumu linaisha, namuuliza Godson kama anaiba, namuuliza panya! Kumbe unailisha bunduki?"

"Tunu, nyamaza, hapa ni mkutanoni."

"Ninyamaze? Mimi napika maharage makavu na bunduki yako inakula mawese? Umewahi kuniletea mimi kitambaa nikafutwa kila jioni barazani?"

Hapo ndipo watu walianza kucheka, lakini Khatibu alikuwa mweupe kama mtu aliyepakwa unga. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mafuta ya silaha yalikwisha na hayakuletwa. Kwamba Ilagala mzee mmoja wa kikosi alimfundisha mawese, na Ilagala alitumia miaka yote, asubuhi na jioni, na haikugoma hata siku moja. Kwamba alipoona inagoma huku, alidhani ameyapaka kidogo, akawa anaongeza.

"Anaongeza!" Tunu akasema, akashika kichwa.

"Ilagala ni jiko," nikamwambia. "Huku mawese yanaganda mpaka tunayachota kwa kijiko kama uji wa jana. Mchana jua likipanda yanayeyuka. Umekaa huku mwaka mzima, unakula nayo kila siku, hujaona kwenye sahani yako?"

"Mimi hupikiwa," akasema Khatibu.

Godson aliishika springi juu ya jiko la mama wa chai, kwa umbali. Mawese yakaanza kudondoka kwenye makaa, yakanuka vizuri mpaka watu wakameza mate. Wakachukua petroli kidogo kwenye pikipiki ya mwenyekiti, wakaisafisha springi na kisanduku mbali na moto, wakavikausha kwa kitambaa. Akarudisha, akapanga risasi, akachomeka kwenye bunduki ya Khatibu, akampa.

Khatibu akalenga kichuguu. Paa. Paa. Paa. Paa. Paa. Ng'ambo ya uwanja kichuguu kikapoteza kofia yake. Na jua lilikuwa bado halijatoka.

Nilidhani imekwisha. Nsabimana alikuwa bado amesimama.

"Hiyo ni ya bunduki," akasema. "Lakini nani aliyemtia akilini apake mawese? Huyu bibi alisema amefunga. Alisema kwa kinywa chake. Mwenyekiti, mtu aliyesema amefunga na bunduki ikafungika, tunalala naye vipi?"

Na nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Mawese wameyaona, springi wameiona, bado vichwa vinatikisika. Yule mama wa kuku naye alitikisa. Nikajua kwamba mikono ya Godson haikunitosha, na kwamba neno langu halina bei hata kidogo.

Felician akafikiri. Kanuni zikampitia usoni moja moja.

"Mlalamikaji ni Khatibu," akasema. "Silaha ni yake. Aseme yeye. Khatibu, unashikilia malalamiko yako au unayaondoa?"

Khatibu alikuwa anaivuta ile shingo ndani ya kola. Mkewe anamtazama, Godson anatabasamu, vijana wanaigiza springi inayopanda polepole. Angeweza kusema neno moja, "nashikilia", aibu yote ingehama kutoka kwake ikaja kwangu, na mimi ningekuwa barabarani na kitanda changu kabla ya mchana. Alilifikiria. Nilimwona analifikiria, nimewaambia simwachi atoke machoni.

"Bunduki haikufungwa," akasema.

"Na bibi?" Felician akauliza. "Sema na kuhusu bibi, iandikwe."

Akageuka akanitazama, mara ya kwanza siku hiyo. Macho yake hayakuwa na msamaha wala haya. Yalikuwa macho ya mtu anayetazama kitu kilichooza ndani ya kiatu chake.

"Huyu," akasema kwa sauti ya juu, kila mtu asikie, "hajui kufunga hata mbuzi. Huyu ni mwongo. Ni mwongo tangu alipozaliwa, kila anachosema ni uongo, na kijiji kinachomwamini ni kijiji cha wajinga. Mimi sitaki kusimama tena hapa."

Watu wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kile cha zamani, cha kwenye lubisi. Nsabimana akamtazama mtu huyu na yule, hakuna aliyetaka kuhesabiwa kati ya wajinga. Akachukua blanketi lake kwa mkewe. Felician akatangaza kwamba mkutano umeridhika: Bibi Esteri ni mwongo, na arudi nyumbani kwake.

Khatibu alinipita karibu, bunduki begani, hakusema samahani. Nilikuwa nimeshakusanya mate ya kumtemea buti, mengi na mazuri. Nikaona bati la nyumba yangu linaanza kushika jua kule juu ya migomba, nikayameza.